Betri ya lithiamu iliyozimika bila kuaga: uchambuzi wa kisa cha mota ya umeme kwenye boti ya uvuvi

Kuhusu kisa hiki

Kisa ni cha kweli. Jina la mwenye boti, la ziwa, la muuza betri na alama za biashara za vifaa vyote nimeviondoa. Vipimo nimeviacha kama vilivyosomwa kwenye mita, kwa sababu ndivyo vinavyofundisha. Nakiandika kwa ajili ya yeyote mwenye mota ya umeme kwenye boti anayefikiria kuhama kutoka betri za risasi kwenda lithiamu, na zaidi kwa mafundi wenzangu ambao kila wiki wanaulizwa, "Ninunue ya Ah ngapi?" Ah ni ampea-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba. Swali ni halali. Lakini kuna mawili yanayopaswa kulitangulia: betri itatoa ampea ngapi kwa wakati mmoja bila kujikata, na mwenye boti atajuaje kilichobaki. Hapa hayo mawili hayakuulizwa, na watu watatu wakajikuta karibu na miamba bila mota, bila injini na bila pampu.

Usuli: boti na betri zilizokuwepo

Boti ni ya fibaglasi, ina urefu wa mita 5 hivi, na ikiwa na watu watatu, mafuta na zana za kuvulia hufikia kilo 700. Mwenyewe ni mvuvi wa ndoano anayepeleka wageni ziwani. Kwenye tezi, yaani nyuma, kuna injini ya petroli ya nguvu-farasi 40 kwa safari ya kwenda na kurudi. Kwenye omo, yaani mbele, imefungwa mota ya umeme ya volti 12 yenye msukumo wa pauni 55, ya kutembeza boti taratibu na kimya wakati wa kuvua. Mota hii ina uwezo wa kushikilia boti mahali pamoja kwa kufuata satelaiti, bila kutia nanga. Kanuni inayotumika sana ni pauni 2 za msukumo kwa kila pauni 100 za uzito, kwa hiyo kilo 700 zinahitaji kama pauni 31. Mota ilikuwa inatosha na kubaki.

Betri zilikuwa mbili za maji, Ah 100 kila moja, zimeungwa sambamba chini ya kiti cha nyuma. Zilifanya kila kitu: kuwasha injini, kuendesha mota, sona ya kutafutia samaki, taa, na pampu ya kutoa maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti. Malalamiko ya mwenye boti yalikuwa mawili. Ikifika saa sita mchana mota inalegea, na betri zenyewe hazidumu.

Yote mawili yana maelezo. Betri ya risasi inapoandikwa Ah 100, kwa kawaida maana yake ni ampea 5 kwa saa 20. Ukiidai umeme mwingi kwa haraka, inatoa pungufu ya hapo. Uhusiano huo ulielezwa na Mjerumani Wilhelm Peukert mwaka 1897, na haujabadilika. Betri ya Ah 100 ikidaiwa ampea 50 mfululizo inaweza kuishia Ah 55 au 60. Tena betri ya risasi ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara, umri wake unapungua sana, na huyu bwana alikuwa anaishusha hivyo karibu kila siku ya kazi. Juu ya hayo, zote mbili zilikuwa na uzito wa kilo 56 nyuma ya boti ndogo.

Uamuzi wa kwanza

Alinunua betri moja ya lithiamu ya Ah 100. Sababu zake zilikuwa za mtu makini. Lithiamu inatoa karibu Ah zote zilizoandikwa hata ikidaiwa umeme mwingi, kwa hiyo moja ilitosha kushika nafasi ya mbili za zamani. Ilikuwa na kilo 12 badala ya 56. Inachajiwa na kutumika mara elfu kadhaa, wakati betri ya risasi inayoshushwa sana huhesabiwa kwa mamia. Na volti zake hazishuki taratibu, kwa hiyo mota ingevuta kwa nguvu ileile asubuhi na jioni.

Kwenye aina ya lithiamu pia alichagua vizuri. Kuna mtu aliyekuwa tayari kumtengenezea betri kwa seli za baiskeli za umeme, akakataa. Seli hizo ni za kemia nyingine yenye volti 3.6 hivi kila moja. Ukiunga tatu kwa mfuatano, zikijaa zinafika volti 12.6 tu; ukiunga nne zinafika 16.8, na mota ya volti 12 haikutengenezwa kwa kiwango hicho. Yeye alinunua lithiamu ya fosfeti ya chuma, ambayo seli yake ni volti 3.2. Nne kwa mfuatano zinatoa volti 12.8 na zikijaa zinafika kama 14.4 hadi 14.6, zinaoana na vifaa vya volti 12 bila kulazimisha. Kemia hii pia ni tulivu zaidi ikipata joto au ikiumia. Kwenye chombo kinachobeba watu katikati ya maji nisingekubali nyingine.

Kisha akafanya mambo manne ambayo muuzaji hakumkataza. Aliondoa betri zote mbili za zamani na kuiachia ile mpya kila kitu, pamoja na kuwasha injini. Alibaki na chaja yake ya zamani. Nyaya za kwenda omo hakuzigusa. Na aliendelea kuangalia chaji kwa taa nne zilizoko kwenye kichwa cha mota.

Maelezo ya betri yalionyesha jambo moja zaidi kwa herufi ndogo: bodi ya ulinzi inayoikata betri ikizidiwa, ile inayoandikwa BMS, ilikuwa ya ampea 50 mfululizo, na 150 kwa sekunde chache tu.

Siku ya upepo

Kwa majuma kadhaa mambo yalikwenda vizuri sana. Boti ilikuwa nyepesi, mota haikulegea, wageni waliridhika.

Siku yenyewe ilianza kwa utulivu. Chaja ilikuwa imeonyesha taa ya kijani alfajiri. Asubuhi walivua kwa mwendo mdogo. Baadaye upepo ukaongezeka, na mwenye boti akaweka mota ishikilie boti mahali pamoja, akiwa ameuelekeza omo kwenye upepo. Hapo mota ilifanya kazi kubwa kwa zaidi ya saa mbili, na taa nne zikaendelea kuwaka zote.

Karibu saa nane mchana waliona boti inasogea kuelekea miamba iliyokuwa upande wa demani, yaani upepo unakoelekea. Akafungulia mota mpaka mwisho. Mawimbi mafupi yakaanza kurusha maji ndani, na pampu ya ngama ikajiwasha. Baada ya dakika chache vitu vyote vikazima kwa pamoja: mota, sona na pampu. Akazungusha ufunguo wa injini, kimya.

Alitia nanga mara moja, na ikashika. Nakitaja kitendo hiki kwa heshima, maana wengi wangeendelea kuhangaika na ufunguo. Kisha akachomoa plagi ya mota, na betri ikarudi. Akajaribu injini: ikageuka nusu mzunguko, umeme ukakatika tena. Alisubiri, akachomeka mota kwa mwendo mdogo ili omo usipigwe ubavuni, ikafanya kazi dakika chache, kisha ikazima moja kwa moja. Akafungua kifuniko cha injini, akazungushia kamba ya dharura kwenye gurudumu la juu, akavuta mpaka ikawaka. Wageni walikuwa wamevaa maboya ya kujiokolea tangu asubuhi.

Tulichopima

Siku ya pili alinipigia. "Fundi, taa zote nne zilikuwa kijani mpaka inazima. Nimeuziwa betri mbovu?"

"Hapana, mzee. Tupime kwanza."

Tulianza na mkondo, kwa mita ya kubana waya. Mota ikiwa kasi yote ilikuwa inakula ampea 52. Kasi ya 5 kati ya 10 ilikula ampea 14. Pampu ilikuwa na ampea 4, sona 1. Kwa hiyo wakati wa hatari betri ilikuwa inadaiwa ampea 57, kwenye bodi ya ampea 50, ndani ya kisanduku kilichofungwa chini ya kiti, mchana wa jua. Bodi ikajikata. Ndiyo kazi iliyowekewa.

Kisha tukapima nyaya. Kwenye vichwa vya betri, mota ikiwa kasi yote, mita ilisoma volti 12.9. Kwenye plagi ya mota ilisoma 12.0. Karibu volti nzima ilikuwa inapotelea njiani. Waya ulikuwa wa milimita 10 za mraba, mita 4 kwenda na mita 4 kurudi, ambao peke yake unakula volti 0.7 kwa mkondo huo. Zilizobaki zilikuwa kwenye lagi moja (kichwa cha waya kinachofungwa kwa boliti) iliyoota kutu ya kijani, ambayo ilikuwa na joto la kukufanya uondoe kidole. Jumla ni wati zaidi ya 45 zinazogeuka joto bure.

Betri yenyewe tulipima uwezo wake kwa kuishusha polepole mpaka ijikate. Baada ya chaja ya zamani kuonyesha kijani, ilitoa Ah 88. Baada ya kuichaji kwa chaja ya lithiamu na kuiacha muda mrefu kwenye volti 14.4, ilitoa Ah 97. Betri ilikuwa nzima. Chaja ya zamani ilikuwa na hatua ya kusafisha sahani za risasi kwa volti zaidi ya 15. Seli moja ya lithiamu ilikuwa imetangulia wenzake kidogo, ikifika kikomo bodi inakata chaji, na chaja inadhani kazi imekwisha. Seli za aina hii husawazishwa zikiwa karibu kujaa, na hapo ndipo hii ilikuwa haifiki.

Mwisho tukapiga hesabu ya siku ile kwa kumbukumbu yake ya saa: saa 2 kwa ampea 10, saa 2 na nusu za kushikilia boti kwa ampea 22, dakika 10 za kasi yote, na Ah 5 za sona na pampu. Jumla Ah 89. Betri ilikuwa imeisha kabisa. Kukatika kwa kwanza kulitokana na mkondo mkubwa, injini iligoma kwa sababu seli zilizokaribia kuisha hazikuweza kubeba stata (mota ya kuwashia injini), na kukatika kwa mwisho ni kwa sababu hakukuwa na kilichobaki.

Kwa nini taa zilidanganya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kisa chenyewe kilipo.

Taa za kwenye mota hazipimi chaji. Zinapima volti, kisha zinakisia chaji kwa tabia ya betri ya risasi. Kwa risasi makisio hayo yana maana: ikiwa imetulia na imejaa inasoma kama 12.7, ikifika nusu inasoma kama 12.2, na inaendelea kushuka. Betri ya risasi inachoka kama punda: inapunguza mwendo kwanza, na mwenye punda anajua wakati wa kugeuka nyumbani. Huyu bwana alikuwa amezoea kurudi kwa dalili hiyo miaka yote, bila kujua kwamba ndiyo iliyokuwa kipimo chake halisi.

Lithiamu ya fosfeti ya chuma haina dalili hiyo. Kati ya asilimia 80 na 30 za chaji, volti zake zikiwa zimetulia hupungua kwa sehemu ndogo tu ya volti, kama 0.2. Hata ikiwa imebakiza robo inasoma juu ya betri ya risasi iliyojaa. Halafu mwishoni zinaporomoka kwa dakika chache mpaka bodi inakata. Sifa ileile aliyoinunulia, kwamba mota hailegei, ndiyo iliyomwondolea onyo. Si kasoro ya betri, lakini ni lazima nafasi ya onyo hilo ijazwe na kitu kingine, na kitu hicho kinunuliwe siku moja na betri.

Kinachofaa ni kihesabu chaji chenye shanti: kipande cha metali chenye ukinzani mdogo unaojulikana, kinachokaa kwenye waya hasi na kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka. Baadhi ya betri zina hesabu hiyo ndani na zinaionyesha kwenye simu. Nayo inafaa, ila simu ikiwa mfukoni mwa mtu aliyeshika fimbo ya kuvulia haisemi kitu. Napendelea kioo kidogo mbele ya macho.

Uamuzi wa pili na sababu zake

Tulianza na matumizi yake ya siku mbaya, si ya siku ya kawaida. Saa 3 za kushikilia boti kwa ampea 22, saa 2 kwa ampea 10, nusu saa ya kasi yote: Ah 112. Tukataka ibaki asilimia 20 mwisho wa siku, kwa hiyo Ah 140. Kwa volti 12.8 hizo ni wati-saa 1,792.

Njia tatu zilikuwa mezani.

Ya kwanza ilikuwa kuhamia volti 24. Wengi wanaipenda kwa sababu msukumo uleule unahitaji nusu ya mkondo, na nyaya zinaweza kuwa nyembamba. Ni kweli. Lakini mota ya volti 24 inayopatikana kwa kawaida ni ya pauni 80 hivi, nayo kwa kasi yote inafika kama ampea 56. Hizo ni ampea zilezile kwa volti maradufu, yaani karibu mara mbili ya nguvu, na mkono wa mtu haukai mbali na kasi ambayo mota inayo. Tena kufikia 24 kwa kuunga betri mbili za 12 kwa mfuatano kunataka betri ambazo mtengenezaji ameruhusu hivyo, na moja ikijikata zote zimekatika. Ukihamia 24 nunua betri moja ya volti 25.6. Kwake, mota ya zamani ilikuwa nzima na yenye nguvu za kutosha, tukaiacha njia hii.

Ya pili ilikuwa betri mbili za Ah 100 sambamba, kila moja na bodi ya ampea 100. Hii ina faida kubwa: mkondo unagawana, na moja ikijikata nyingine inaendelea. Inataka betri pacha, za umri mmoja, zijazwe zote kabla ya kuungwa, na waya chanya utoke betri moja na hasi utoke nyingine ili zichoke sawa.

Ya tatu ilikuwa betri moja ya Ah 150 yenye bodi ya ampea 100, na ndiyo tuliyochukua. Mimi nilikuwa naelekea kwenye zile mbili. Mwenye boti akatoa hoja ambayo sikuweza kuipinga: mahali pale panaloa kila siku, na kila lagi inayoongezeka ni kutu ya baadaye. Akiba yake, akasema, ingekuwa injini ya petroli yenye betri yake mwenyewe.

Hilo ndilo tulilolifanya kwanza, hata kabla ya betri mpya kufika. Tulirudisha betri ya risasi kwa ajili ya injini peke yake, pamoja na pampu ya ngama iliyoungwa moja kwa moja kupitia fyuzi yake. Nasisitiza pampu. Mvuvi anaweza kuishi na mota iliyozima, lakini boti inayoingiza maji haiwezi kusubiri betri iamke. Kuna sababu nyingine ya kutoiachia lithiamu injini: injini inapochaji na betri ikajaa, bodi inaweza kukata chaji ghafla, umeme ukakosa pa kwenda, volti zikaruka na kuunguza kirekebishi cha injini au vifaa vingine. Betri ya risasi humeza mishtuko hiyo.

Betri ya kwanza ya lithiamu haikutupwa. Ilipewa sona na taa. Kwa kazi hiyo Ah 100 ni nyingi kupita kiasi, lakini ilikuwa imeshanunuliwa, na mistari ya kelele iliyokuwa ikionekana kwenye sona kila mota ikiwaka ilitoweka. Hatukuiunga sambamba na mpya: umri tofauti, bodi tofauti.

Kwenye betri ya mota tuliweka fyuzi ya ampea 60 ya kukaa juu ya kichwa chenyewe, ya aina inayoweza kukata hitilafu ya hadi ampea 10,000. Kiwango cha ABYC cha Marekani kinataka kinga iwe ndani ya inchi 7, yaani sentimita 18 hivi, kutoka kwenye betri. Watu husema bodi ya ulinzi inatosha. Haitoshi: bodi inailinda betri, fyuzi inaulinda waya, na waya ndio unaoshika moto. Breka ndogo ya bei rahisi iliyokuwepo tuliitoa, kwa kuwa lithiamu ikipigwa shoti inatoa mkondo unaoweza kugandisha breka kama hiyo kabla haijakata.

Chaja mpya ilikuwa ya ampea 20, ya lithiamu, bila hatua ya kusafisha sahani. Saa saba na nusu hivi kutoka sifuri, inatosha usiku mmoja. Shanti na kioo chake tukaviweka karibu na usukani.

Matokeo

Mara ya kwanza tuliiweka betri mpya kwenye omo kabisa, ili nyaya ziwe fupi. Kwa umeme ilikuwa sahihi. Kwa boti haikuwa: kilo 17 kwenye pua, pamoja na mota yenyewe, ziliufanya omo uchimbe mawimbi mafupi, na betri ikawa inarushwa kila boti inapopiga maji. Tukairudisha chini ya kiti cha kati, ikafungwa kwa mikanda miwili, na waya ukawa wa milimita 25 za mraba, mita 2 na nusu kila upande. Betri ikisoma 13.0 kwa kasi yote, mota sasa inasoma 12.8.

Hapo likatokea jambo ambalo hatukulitaka. Mota inayopata volti nzuri muda wote inakula zaidi, na baada ya kasi yote ya muda mrefu kichwa chake kilikuwa cha moto. Mota nyingi za volti 12 zilibuniwa zikitarajia betri inayolegea, na baadhi ya watengenezaji huonya watumiaji wa lithiamu wasizidi asilimia 85 ya kasi. Tulikubaliana mwisho uwe 8.5, isipokuwa kwa dharura. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa nguvu inayohitajika hukua takribani kwa mchemraba wa mwendo: ukipunguza mwendo wa boti kwa moja ya tano, unahitaji karibu nusu ya nguvu.

Siku nyingine ya upepo iliyofanana na ile ya kwanza, alirudi kioo kikionyesha asilimia 27. Injini iliwaka kwa ufunguo.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Uchaguzi wa kemia ulikuwa sahihi tangu mwanzo, na mabishano ya alama ipi ya biashara ni bora yasingebadilisha chochote siku ile. Nanga na kamba ya dharura ndivyo vilivyookoa watu. Vyote viwili vilikuwa vya zamani na havikuhusiana na betri kabisa.

Kosa lililozaa mengine ni kuiangalia betri kama ndoo ya Ah. Ah 100 za lithiamu kweli zilizidi Ah 200 za risasi alizokuwa nazo, ukitoa nusu isiyofaa kuguswa na ile inayopotea kwa mkondo mkubwa. Kwa siku ya utulivu hesabu yake ilikuwa nzuri. Lakini bodi ya ampea 50 kwa mota ya ampea 50 haiachi nafasi hata ya pampu. Mimi nataka bodi iwe na angalau mara moja na nusu ya mkondo mkubwa kabisa uliopimwa kwenye boti husika, na neno "uliopimwa" nalitilia mkazo, kwa sababu kibao cha mota hii kilisema 50 na mita ilisema 52.

Kuunganisha kila kitu kwenye betri moja ndilo nililoliona la hatari zaidi, na nimelikuta kwenye boti nyingine pia. Betri za risasi mbili sambamba zilikuwa zinaficha tatizo hilo: zikichoka, bado zilibakiza kiasi cha kugeuza stata. Lithiamu ikijikata inabakiza sifuri kwa kila kilichoungwa nayo, katika sekunde hiyohiyo.

Nyaya na chaja zilichangia kidogo. Waya mbovu ulipoteza wati 45, chaja ilipoteza Ah 9. Ni vitu vya kurekebisha mchana mmoja, na havikustahili kusubiri ajali.

Muuzaji alikuwa na wajibu wa kuuliza mota ni ya ampea ngapi na injini inawashwa na nini. Hakuuliza. Mnunuzi naye anaweza kudai majibu hayo kabla ya kulipa: ampea za bodi za mfululizo, zile za mkupuo na muda wake, kama betri inaruhusiwa kuungwa sambamba au kwa mfuatano, kama ganda lake linazuia maji, na kama bodi inazuia kuchaji chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwa kuwa kuichaji lithiamu ikiwa na baridi hiyo kunaiharibu ndani bila dalili ya nje.

Yaliyobaki kwenye boti hii

Taa nne za kwenye mota hazizimiki. Tumezibandika utepe mweusi, ili mgeni au msaidizi asizisome.

Shanti nayo hupotoka kidogo kidogo, kwa sababu mikondo midogo sana haihesabu vizuri, na hujirekebisha tu betri inapojaa kabisa. Mwenye boti ana tabia ya kuchomoa chaja alfajiri akiona 96. Tumepanga siku asiyokwenda majini iwe ya kuiacha mpaka chaja ijikatie yenyewe. Kuhusu asilimia ya kugeukia nyumbani, amejiwekea 50 akiwa upande wa demani wa nyumbani, na 30 akiwa upande ambao upepo utamrudisha wenyewe.

Kwenye betri ile ya kwanza, seli bado zinatofautiana kwa volti 0.06 zikiwa zimejaa, ingawa zimeanza kukaribiana. Inafanya kazi ya sona na taa tu, nami nazisoma kila ninapopanda boti.